Shati Lililoitwa Mbele ya Kamati

Dada yangu anawajua askari wa jiji letu kwa kola zao. Mwoneshe uso wa askari, atakwambia hajapata kumwona. Mpe shati la askari huyohuyo, aligeuze, aangalie uzi uliotiwa ndani ya kola, basi atakutajia kituo chake, cheo chake, kama hula chakula amesimama, na kama mkewe amerudi kwao. Mtaa mzima humwita Mama Pasi. Mimi ni kaka yake mkubwa, na karibu kila kitu kizuri alicho nacho amekipata kwangu, isipokuwa uvumilivu, ambao sijui alikouokota.

Duka lake ni chumba kimoja chenye meza mbili zilizofunikwa blanketi la kijivu, pasi nne za umeme, na moja ya mkaa kwa siku umeme unapokatika. Uani kuna mabeseni sita na kamba saba. Alianza miaka ishirini na miwili iliyopita kwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Siku moja mkuu wa kituo alimwagikiwa wino kifuani, na gwaride lilikuwa saa moja mbele. Akatafutwa dobi. Wakubwa wawili wa kazi hiyo walitikisa vichwa. Dada yangu akalichukua lile shati bila neno, na baada ya dakika arobaini akalirudisha jeupe kama meno ya mtoto. Tangu siku hiyo sare za polisi zikawa zinakuja kwake kwa magunia.

Sasa, shati la polisi ni shati la polisi. Mashati mia mbili, rangi moja, na namba za kifuani hutolewa kabla ya kufuliwa. Utamrudishia nani lipi? Hapo ndipo akabuni nyuzi. Kila askari ana rangi yake na idadi yake ya mishono ndani ya kola. Kijani Mbili. Nyekundu Nne. Bluu Moja. Kwake hayo ndiyo majina yao ya ubatizo. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia inspekta mzima, mwenye kitambi na fimbo kwapani, "Zambarau Tano, jasho lako linakula shati. Badilisha sabuni," na inspekta akajibu, "Ndiyo mama."

Jambo moja zaidi lazima ulijue, maana bila hilo hutamwelewa. Mama Pasi hajawahi kushindwa na doa. Wino, kutu, damu, lami, mafuta ya gari, yote ameyatoa. Akiona doa hubadilika sura, kama paka aliyesikia kitu darini. Ukiwa unaongea naye na una doa kifuani, usidhani anakusikiliza.

Basi jiji likatangaza kamati. Watu walikuwa wamechoka kulalamikia polisi kwa polisi, kwa hiyo ikaundwa Kamati ya Raia ya Kuwasimamia Polisi, watu watano: mwalimu mkuu mstaafu awe mwenyekiti, daktari wa meno, muuza magodoro, fundi wa lifti, na mwanamke mmoja mwenye biashara ndogo. Kwa hicho kiti cha tano, dada yangu nilimjazia fomu mimi, kwa mwandiko wangu, ambao unajulikana. Mimi mwenyewe niliomba kiti cha fundi wa lifti, wakanikatalia ati sijawahi kutengeneza lifti. Watu wana wivu.

Barua ya uteuzi ilipofika, shemeji yangu, mume wa Mama Pasi, ambaye ni mpaka rangi wa majumba, aliisoma mara mbili akiwa na brashi mkononi.

"Shemeji, umemwingiza wapi mke wangu?"

"Kwenye utawala."

"Nusu ya nguo anazofua ni za polisi. Sasa atawasimamiaje watu anaowafulia chupi?"

"Chupi hafui," nikasema. "Mkataba unasema sare."

"Soksi zimo," akasema Mama Pasi kutoka uani.

Kamati ilipewa chumba ghorofa ya tatu ya ofisi za jiji, chumba ambamo zamani walipimiwa macho watu wanaotaka leseni za udereva. Ile chati ya herufi bado iko ukutani, kubwa juu, ndogo chini. Vikao vyake ni kila Jumanne saa tisa alasiri, na viko wazi kwa umma. Umma wenyewe ni mimi. Kwenye kumbukumbu imeandikwa, "Wananchi waliohudhuria: mmoja," na nimeandikwa hivyo mara thelathini na moja.

Polisi nao walituletea Afisa Mahusiano, kijana nadhifu mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Akiulizwa swali gumu, alikuwa anatazama ile chati ya macho na kuisoma taratibu mpaka mstari wa mwisho, kisha anasema, "Jeshi kwa ujumla linalifanyia kazi." Kila kitu kwake kilikuwa jeshi kwa ujumla. Hakuna askari aliyefanya chochote, ila jeshi kwa ujumla linasikitika.

Na kanuni zilimpa nguvu. Mwenyekiti alizisoma siku ya kwanza kwa sauti ya darasani. Kanuni ya nane: kamati haitamwita askari yeyote mbele yake. Kanuni ya tisa: kamati inaweza kuita chombo, kifaa au sare yoyote ya jeshi kwa ajili ya ukaguzi. Kwa hiyo walikuwa wanaita vifaa. Waliwahi kuita pingu. Zikaja pingu, zimefungwa kwenye bahasha, ufunguo ukasahaulika. Fundi wa lifti akazijaribu mkononi mwake, na akakaa nazo mpaka Jumatano mchana.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa alipokuja Fundi Viatu.

Fundi Viatu ni mzee mfupi anayekaa mbele ya posta. Mikono yake ni myeusi kwa rangi ya viatu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa na kasha la mbao aliloachiwa na baba yake, lenye mpini wa ngozi, na ndani yake mlikuwa na maisha yake yote: misharasi mitatu ya kutobolea ngozi, nyundo, koleo, kisu cha kukatia soli, na kile kiatu cha chuma cha kupigilia misumari. Alisimama mbele ya kamati, kofia mkononi, akaeleza.

"Ijumaa asubuhi alikuja askari. Akasema barabara inasafishwa. Nikamwambia, nisafishe nikusaidie. Akachukua kasha. Nikamshika mkono."

"Ukamshika vipi?" akauliza mwenyekiti.

"Kwa vidole vyote, mwalimu. Nilikuwa nimetoka kupaka rangi buti la mtu. Nikamshika hapa." Akaonesha juu ya kiwiko. "Akanikung'uta, akaenda."

"Namba yake uliisoma?"

"Namba iko kifuani. Mimi nilikuwa mkononi."

Akaendelea kwamba alikwenda Kituo cha Kati kuuliza. Kule wakafungua daftari, wakamwambia kuwa Ijumaa hiyo hakuna askari aliyetumwa barabara ya posta. Kama hakutumwa askari, hakuna aliyechukua kasha. Na kama hakuna aliyelichukua, basi kasha halikuchukuliwa. Wakamtakia siku njema.

"Tangu siku hiyo nakaa palepale," akasema. "Wateja wanakuja, nawaambia kesho. Mikono naiweka magotini. Sijui pengine pa kuiweka."

Mwenyekiti akamgeukia Afisa Mahusiano. Yule kijana akaisoma chati mpaka chini.

"Jeshi kwa ujumla," akasema, "halina kasha."

Nikamwangalia dada yangu. Nilitegemea aseme neno, maana mdomo anao. Lakini alikuwa amekodoa macho, anatazama mikono ya yule mzee kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha pasi juu ya shati. Kikao kilipofungwa tu, akashuka ngazi mbili mbili. Mimi nyuma. Umri wangu wote sijamwona anakimbia, na sikujua kuwa ananishinda.

Nilimkuta uani amepiga magoti mbele ya beseni. Mkononi alikuwa na shati la polisi. Kwenye mkono wa kushoto wa shati, juu kidogo ya kiwiko, palikuwa na vidole vitatu vyeusi vya rangi ya viatu, vimesimama sawasawa kama watoto kwenye foleni.

"Lilikuja jana kwenye gunia," akasema. "Vilikuwa vitano."

"Na viwili viko wapi?"

"Nimevitoa."

Nikanyamaza. Hilo ni jambo ambalo watu hawalijui kwangu, kwamba naweza kunyamaza.

"Mafuta ya taa, sabuni ya mche, na jua," akaendelea, na hata katika huzuni ile nilisikia fahari kidogo. "Cha gumba kilinipa taabu. Hivi vingine nilikuwa nimeviwekea kesho." Kisha akashika kichwa kwa mikono yenye povu. "Kaka, nimefua ushahidi!"

"Umefua viwili tu."

Akageuza kola. Uzi wa njano, mishono mitatu. "Njano Tatu," akasema. "Mrefu kuliko wote Kituo cha Kati. Kifungo cha tatu hakikai."

Jioni ile shemeji yangu alikaa kwenye ngazi ya uani akisugua rangi kwenye kucha.

"Ukilitoa hilo shati, magunia hayatakuja tena. Unajua?"

"Najua."

"Basi limalizie. Vidole vitatu tu. Nani atajua?"

Mama Pasi alikuwa anaanua nguo. Hakugeuka. "Kila asubuhi napita mbele ya posta na magunia yao kichwani. Yule mzee yuko pale, mikono magotini. Nikimpita nimsalimie vipi, mume wangu? Hebu nifundishe."

Shemeji akasugua kucha.

Mama Pasi akamwambia mwenyekiti kuna shati lenye alama za vidole, naye akaitisha kikao cha dharura. Kumtaja Njano Tatu hakukuwa na maana, kwa sababu haruhusiwi kuitwa, na asiyeweza kuitwa hawezi kuulizwa.

"Shati ni sare?" akauliza mwenyekiti.

"Shati ni sare," akasema daktari wa meno.

Muuza magodoro akaamka akasema anaunga mkono.

"Basi tuliite shati."

Barua ya wito niliiandika mimi. Sijivuni, lakini hakuna mtu mwingine katika jiji hili aliyewahi kuliandikia shati barua rasmi. Niliandika, "Kwa Shati, kupitia Mkuu wa Kituo cha Kati," nikaeleza siku, saa na ghorofa. Kituo kikajibu kuwa shati husika haliko kituoni, liko kwa dobi mwenye mkataba, na kwamba askari wawili watakwenda kulichukua na kulifikisha mbele ya kamati kwa usalama.

Kwa hiyo Jumanne askari wawili wakaja dukani kwa Mama Pasi, mjumbe wa kamati, kulichukua shati ili walipeleke kwa Mama Pasi, mjumbe wa kamati. Wakatia sahihi kwenye daftari lake la nguo. Wakalibeba kwenye hanga, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakatembea nalo barabarani kwa mwendo wa pole. Dada yangu alifuata hatua tatu nyuma. Mzee mmoja wa kiosko akavua kofia, akidhani ni mazishi ya askari.

Mlangoni mlinzi akadai kila anayeingia aandikwe. Akaandika: Jina, Shati. Anakotoka, Kituo cha Kati. Anakwenda kumwona nani, Kamati. Kwenye sahihi akafikiri sana, kisha akapiga mstari.

Shati likawekwa kwenye kiti. Afisa Mahusiano akavuta kiti akakaa pembeni yake.

"Naliwakilisha," akasema.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Shati. Ijumaa anayoisema fundi, asubuhi, ulikuwa wapi?"

Tukasubiri. Sina uongo, tulisubiri. Katibu akaandika, "Shati lilinyamaza."

"Lina haki ya kunyamaza," akasema Afisa Mahusiano.

"Fundi, sogea hapa," akasema mwenyekiti. "Alama hizi unazitambua?"

Fundi Viatu akaweka mkono wake juu ya mkono wa shati, hakugusa, aliuelekeza tu. Vidole vya katikati vikakaa juu ya alama kama mguu kwenye kiatu chake. Wajumbe wote wakainama kutazama. Hata muuza magodoro alikuwa macho.

Afisa Mahusiano akainuka, akazihesabu alama kwa kalamu. "Moja. Mbili. Tatu. Mzee, una vidole vingapi?"

"Vitano."

"Mkono mwingine?"

"Vitano pia."

"Asante. Jeshi kwa ujumla linaona kwamba shati hili lilishikwa na mtu mwenye vidole vitatu, na linaiomba kamati imtafute mtu huyo."

Nikacheka, nikaonywa. Lakini mwenyekiti hakucheka, kwa sababu alikuwa mwalimu wa hesabu, na tatu si tano. Alimtazama Fundi Viatu kwa huruma, na yule mzee akaanza kuirudisha kofia kichwani.

Hapo Mama Pasi akasimama.

"Viwili nimevitoa mimi."

"Umevitoa?" akasema Afisa Mahusiano, na sauti yake ikazidi kuwa tamu. "Mama, ulikusudia kuharibu ushahidi?"

"Nilikusudia kutoa doa. Mimi ni dobi."

"Dobi wetu. Mwenye mkataba wetu."

"Ndiyo."

"Na hivi vitatu mbona vipo?"

"Sijavimaliza."

"Hujavimaliza, au vimekushinda?" Akainama, akakitazama kile kidole cha katikati karibu sana. "Kwa kweli mimi naona vimekushinda. Miaka yote tunaambiwa hakuna doa linalomshinda Mama Pasi. Kumbe rangi ya viatu tu." Akageuka, akamwashiria mmoja wa wale askari, na msinilaumu nikisema ukweli, yule askari akaingiza beseni. Lilikuwa na maji. Juu ya meza wakaweka sabuni ya mche na chupa ya mafuta ya taa. "Kama si kweli vidole viwili vilitoka kwa mkono wako, basi umetudanganya. Kama ni kweli, toa na hiki kimoja. Hapahapa. Tuone."

Kijana yule alikuwa mjanja kuliko nilivyodhani. Akikitoa, ushahidi unabaki vidole viwili, na kesho vitaulizwa viwili ni vya nani. Asipokitoa, ameshindwa.

Mimi ndiye niliyemlea yule mwanamke, au alinilea, tusigombane. Nilijua kinachompata. Niliona vidole vyake vinacheza pembeni ya gauni, vinasugua hewa. Macho yake yalikwenda kwenye doa, yakaenda kwenye sabuni, yakarudi kwenye doa. Alipiga hatua moja. Aliishika sabuni! Akaigeuza kuona ni ya aina gani, kwa dharau, maana si aina anayotumia. Shati liko pale kitini, kimya. Fundi Viatu yuko ukutani, chini ya herufi kubwa, kofia nusu kichwani. Nikatamani kupiga kelele, "Iache!" lakini nilikuwa nimeshaonywa mara moja.

Akaiweka sabuni chini. Akarudi kitini kwake, akakaa, na akaikalia mikono yake yote miwili.

"Limenishinda," akasema.

"Samahani?"

"Umesikia. Doa limenishinda. Katibu, andika. Dobi ameshindwa."

Katibu akaandika, "Dobi ameshindwa," na nikamwona dada yangu akiifuata ile kalamu herufi kwa herufi, kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa. Miaka ishirini na miwili! Afisa Mahusiano akabaki amesimama na beseni lake. Akaisoma chati ya macho, akafika mwisho, hakupata kitu.

Mwenyekiti akafunga jalada. Kanuni ya kumi na mbili: kielelezo ambacho hakijapata maelezo hubaki mikononi mwa kamati mpaka aliyekivaa aje mwenyewe kukidai kwa sahihi yake.

"Natia sahihi mimi kwa niaba ya jeshi kwa ujumla," akasema Afisa Mahusiano.

"Basi jeshi kwa ujumla lilivae," akasema mwenyekiti, "tuone kama linalikaa."

Shati likafungiwa kabatini. Na kesho yake magunia hayakuja.

Hayakuja Jumatano, wala Alhamisi. Kamba saba za uani zikabaki zinacheza na upepo. Shemeji hakusema "si nilikwambia," na nikamheshimu, ingawa alipaka ukuta mmoja wa chumba cha kulala mara nne bila sababu. Polisi walikuwa wamezipeleka sare zao katika kiwanda cha kufulia kwa mashine, ng'ambo ya pili ya jiji, kwenye mitambo mikubwa inayozunguka na wafanyakazi waliovaa glavu. Kazi safi, hakuna ubishi. Mashati mia mbili yakarudi meupe, yamenyooka, yamekunjwa vizuri katika rundo moja.

Lakini wale hawakujua nyuzi. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu kituoni hakuna aliyekuwa anajua. Askari walikuwa wanapewa mashati yao tu na Mama Pasi, kila mmoja lake, na wakidhani ndivyo mashati yalivyo, yanajua kurudi nyumbani. Asubuhi ya Ijumaa kila mtu akachukua lililokuwa juu. Gwaride la siku ile nililiona nikichungulia juu ya ukuta wa kituo, na nitakufa nikilikumbuka. Inspekta Zambarau Tano alikuwa ndani ya shati la mtu mwembamba, vifungo vinalia. Kuna mwanamke mmoja wa ofisini ambaye mikono ya shati ilimfika magotini, na kila alipopiga saluti alijipiga usoni.

Na Njano Tatu, mrefu kuliko wote, hakupata kitu. Alijaribu mashati kumi na tisa. La mwisho lilimkwama kwenye viwiko, wakalikata kwa mkasi kumtoa. Mkuu wake akamwambia asiyevaa sare hasimami gwaride, asiyesimama gwaride hayupo kazini, na asiyekuwepo kazini siku tatu anaandikiwa barua. Katika jiji zima kulikuwa na shati moja tu linalomkaa, nalo lilikuwa kabatini kwetu.

Jumanne, saa tisa na dakika tano, mlango ukagongwa. Akaingia jitu refu limevaa kofia ya polisi, mkanda wa polisi, buti za polisi, na singlendi nyeupe. Akapiga saluti.

"Nimekuja kuchukua shati langu."

Afisa Mahusiano aliruka. "Wewe! Hujaitwa!"

"Sijaitwa, afande. Nimekuja mwenyewe."

"Kanuni inakataza kumwita," akasema mwenyekiti taratibu. "Haikatazi kumkaribisha. Karibu, mwanangu. Kuna fomu."

Fomu ilikuwa fupi. Jina. Ulilivaa lini mara ya mwisho. Hali ya shati ulipolivua. Afisa Mahusiano alijaribu kumkanyaga mguu, lakini buti lile lilikuwa kubwa, sidhani kama alihisi. Kijana aliandika polepole, ulimi nje, kwa uaminifu wa mtu aliyechoka: "Ijumaa. Barabara ya posta. Lilikuwa na mkono wa fundi viatu."

Mwenyekiti akaisoma kwa sauti. Fundi Viatu akakaa chini ghafla.

"Kwa nini ulimchukulia kasha lake?" akauliza Mama Pasi.

"Mama, tuliambiwa kila mtu alete vitu kumi na viwili kabla ya saa sita. Nilikuwa navyo kumi na kimoja."

"Na liko wapi?"

"Stoo. Lina karatasi, 'Kimeokotwa, aliyekileta hajulikani.' Mimi mwenyewe nimepita mbele yake mara nyingi. Sikuweza kusema nalijua. Kwa daftari la kituo, sikuwepo siku ile."

Tukatoka wote, kamati nzima, na umma, ambao ni mimi. Stoo ya Kituo cha Kati iko chini ya ngazi, na mtunzaji wake ni koplo mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Akasema hakuna tatizo lolote, kitu alicholeta askari kinaweza kutolewa wakati wowote, ilimradi kibebwe na askari aliyekileta mpaka pale alipokitoa. Tatizo siku zote lilikuwa kwamba askari huyo hakuwepo.

"Sasa nipo," akasema Njano Tatu.

"Sasa upo," koplo akakubali, akachana ile karatasi.

Kwa hiyo lile jitu likalitia kasha begani na kutoka nalo barabarani mchana kweupe, singlendi, kofia, mkanda na buti, na Fundi Viatu mfupi akimfuata nyuma kwa karibu, mkono mmoja umeshika ule mpini wa ngozi ili kasha lisije likapotea tena. Watu wakasimama. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, "Jamani, fundi viatu amemkamata polisi?" Mwingine akamjibu kuwa ndiyo, na tayari amemvua shati. Madirisha ya posta yakajaa vichwa. Mimi nilitembea mbele kufungua njia, maana lazima awepo mtu wa kufungua njia.

Pale mahali pake, Fundi Viatu akaonesha kwa kidole cheusi.

"Weka hapo. Hapana, hapo. Sogeza kidogo. Polepole, kuna kisu ndani."

Njano Tatu akainama, akaliweka kama mtu anayelaza mtoto. Mzee akafungua kifuniko. Akatoa misharasi, mmoja, wa pili, wa tatu, akaipanga juu ya kitambaa. Nyundo. Koleo. Kisu. Kile kiatu cha chuma akakishika muda mrefu kifuani, kisha akakisimamisha mbele yake, na mikono yake ikatoka magotini. Mteja wa kwanza alikuwa tayari anavua kiatu.

Yule askari akabaki amesimama, jua linamchoma mabega. Akamgeukia dada yangu, akavua kofia.

"Mama, na shati langu?"

Mama Pasi alikuwa nalo, ametoka nalo kabatini, limekunjwa kwapani. Akalikunjua, akavitazama vile vidole vitatu, na nikaiona ile sura ya paka ikirudi.

"Njoo Alhamisi," akasema.

"Alhamisi? Mama, leo Jumanne."

"Najua leo Jumanne," akasema dada yangu, na alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea nyumbani, kucha yake ikikwangua kile cha katikati.